Msimu Kahawa ya Mlimani Ilipobadilika

Kila kijana niliyemfundisha kazi alikataa kuamini jambo moja siku ya kwanza: kahawa mbichi hainukii kahawa. Anafungua gunia, anaingiza pua, halafu ananitazama kama nimemuuzia mbuzi mgonjwa. Kahawa mbichi inanukia nyasi zilizokatwa jana, na mbaazi kidogo. Ile harufu inayowasimamisha watu barabarani inaletwa na moto. Kwa hiyo mtu akija kwenu kuomba kazi, akaanza kusifia harufu ya gunia, mpe kiti na maji ya kunywa, mshukuru kwa kufika, kisha endelea kutafuta mtu mwingine.

Naitwa Milembe, ingawa wengi mnanijua kama Mama Kulwa. Nimekaanga kahawa hapa Mwanza karibu utu uzima wangu wote, kwenye duka moja la Mabatini lenye kaunta mbele na mashine nyuma. Sasa nimestaafu. Nikipita mjini naona vimigahawa vyenu, naona mashine zenu zenye kioo kinachochora mstari wa joto, na kijana amesimama mbele ya kioo anautazama mstari kama anatazama mpira. Sizichukii mashine hizo. Ningezipata zamani, nyusi zangu zingekuwa nzima mpaka leo. Lakini mmeniomba niwaeleze ninachokijua, na mimi ninachokijua kiko masikioni na kwenye ulimi, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni mtoto wa Kisesa. Kwetu ni pamba na ng'ombe, na asubuhi ni uji. Nilipoingia lile duka sikuwa nimewahi kuonja kahawa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye kigoda na ungo mapajani, natoa mawe, vijiti na punje mbovu. Msiidharau kazi hiyo. Punje moja iliyooza inatosha kuharibu kikombe kizima, na mteja hatasema "nimepata punje mbovu." Atasema duka lenu ni bovu.

Aliyenitoa kwenye ungo ni Mzee Ishengoma, mkaangaji wa duka, mtu wa Bukoba aliyekulia kwenye kahawa za kutafuna. Alikuwa mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali, na hakuwa na maneno mengi. Siku aliyoanza kunifundisha alinisimamisha karibu na mashine kisha akaniambia, "Geuka, binti."

"Nigeuke wapi, mzee?"

"Ukutani. Mgongo kwa mashine."

Nikageuka. Nikasimama natazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni, joto likinipiga mgongoni, wateja wakichungulia na kucheka.

"Sikiliza," akasema. "Macho yatakudanganya. Moshi upo, taa ni mbovu, na wewe mwenyewe una haraka. Sikio halina haraka."

Nikasikia punje zikizunguka ndani ya pipa la mashine, sauti nzito kama mchanga wenye unyevu. Baadaye sauti ikawa nyepesi. Halafu zikaanza kupasuka moja moja, kama bisi chini ya mfuniko, zikashika kasi, zikatulia. "Hapo," akasema Mzee Ishengoma. "Umesikia kimya? Kazi yetu iko hapo kwenye kimya. Zitapasuka tena, kwa sauti ndogo, kama mtu anakanyaga majani makavu. Ukiisikia hiyo sauti ya pili na umekaanga kahawa nzuri ya mlimani, basi umechelewa. Umebakiwa na uchungu na rangi."

Nilijifunza, lakini si siku hiyo. Kuna mchana nilikuwa peke yangu kwenye mashine na majirani wakaanza kugombana kuhusu kuku aliyetaga upande usio wa mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na hoja nzito. Nikaenda mlangoni kidogo tu, nisikie hoja ya yule mwenye banda. Niliporudi, moshi ulikuwa umeshatoka dirishani na kupanda ghorofani, ambako familia ya mwenye duka ilikuwa imeanika nguo. Mama mzazi wa mwenye duka, ambaye wote tulimwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita, akatokeza kibarazani akiwa ameshika sari nyeupe isiyokuwa nyeupe tena.

"Milembe!" akaita. "Leo unakaanga nini, matairi?"

Tangu hapo, kila nikiwasha mashine niliangalia juu kwanza kama kamba ina nguo. Nanyi fanyeni hivyo. Jirani mwenye nguo safi ni sehemu ya biashara.

Kuonja nako kuna mambo yake. Mnajua kwamba kahawa haionjwi kwa kunywa taratibu kama mgeni wa heshima. Unachota na kijiko, unaivuta kwa nguvu na hewa mpaka isambae mdomoni, sauti inasikika nje. Mzee Ishengoma alikuwa anavuta mpaka paka wa duka anakimbia. Mimi nilipozoea, nikawa nafanya hivyo hivyo nyumbani kwa uji, bila kujua. Mume wangu akaniuliza kama nimekuja mezani au nimepeleka ng'ombe mtoni.

Sasa niwaeleze kuhusu Mzee Marwa, maana bila yeye hili neno mnaloandika kwenye vibao vyenu, "kahawa ya shamba moja", sisi tusingelijua.

Mwenye duka letu, Bwana Kanti, alirithi biashara kutoka kwa baba yake, na baba yake kwa babu. Walianza na nafaka, kahawa ikaja baadaye. Kwa miaka mingi tulinunua huku na huku, tukamimina yote pamoja, tukakaanga. Ilikuwa kahawa ya kukufumbua macho asubuhi, basi. Halafu siku moja akaingia mzee mrefu mwembamba, mwenye koti la mvua na viatu vya udongo mwekundu, kabeba gunia dogo begani. Ametoka milimani Tarime. Ana shamba la familia, la yeye, mkewe na watoto, kwenye mteremko ambao hata pikipiki inapumzika katikati.

Bwana Kanti akatazama gunia, akataja bei, akamwita mpagazi alimwage kwenye pipa kubwa pamoja na mengine.

Yule mzee akaweka mkono juu ya gunia. "Hapana, mura," akasema, kama wanavyomwita kijana kwao. "Kahawa yangu hailali na nyingine."

"Mzee, kahawa ni kahawa."

"Basi ionje kwanza. Ukiona ni kahawa tu, mwaga."

Mzee Ishengoma akachukua punje kidogo, akakaanga, akasaga, akamimina maji. Akavuta kijiko. Paka hakukimbia safari hii, maana mzee alivuta polepole. Akanipa kijiko. Vijana, nilihisi zambarau. Zile zambarau nyeusi zilizoiva mpaka zinapasuka, na nyuma yake utamu mwepesi kama asali iliyochanganywa na maji. Nikamtazama Mzee Ishengoma nikidhani ameniwekea kitu.

"Bwana Kanti," akasema Mzee Ishengoma, "hii tukiichanganya ni dhambi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Kahawa ya Mzee Marwa ikapata pipa lake na bei yake, na wateja wakaanza kuiulizia kwa jina lake. Kila msimu aliileta mwenyewe. Akifika anasalimia, anakaa kwenye benchi karibu na mashine, anatusikiliza tukikaanga, na anaondoka na basi la kesho yake. Kumpa kikombe hakukuwezekana. Alisema kahawa inamwondolea usingizi na yeye ana mke wa kumwota. Tukacheka. Mzee Ishengoma alipozeeka akarudi kwao Bukoba, mimi nikashika mashine, na Mzee Marwa akaendelea kuja.

Alifariki kahawa ikiwa bado ya kijani mtini. Taarifa ilitufikia ameshazikwa. Bwana Kanti alituma rambirambi, tukafunga duka mchana ule, Ba akashuka akawasha taa yake ndogo ya maombi pembeni ya pipa.

Msimu ulipofika, mzigo wa kwanza ulikuja na lori. Robhi, binti wa Mzee Marwa, alipiga simu kabla haujafika. Alinieleza kwamba yeye na mama yake, Mama Bhoke, wamechuma wenyewe, wamemenya, wameosha, wameanika, wamefanya kila kitu kama baba alivyofanya. Nikakaanga siku hiyo hiyo. Kwenye mashine ilipasuka vizuri. Rangi nzuri. Nikavuta kijiko.

Kitunguu. Kitunguu cha jana, na chini yake uchachu wa maharage yaliyolala nje ya moto.

Nikaosha kijiko. Nikaosha kikombe. Nikakaanga tena kutoka chini ya gunia. Kitunguu.

Nikamwita Bwana Kanti akaonja, akaweka kikombe chini, akatazama mlangoni muda mrefu. Alikuwa mtu wa huruma na huruma yake ilikuwa na haraka. "Tuinunue kama kawaida," akasema. "Tuichanganye na zile nyingine, hakuna atakayejua. Mama wa watu amefiwa, Milembe. Nani atamwambia?"

"Mwaka huu hatajua," nikamjibu. "Na mwakani akituletea hii hii?"

"Mwakani ni mwakani."

"Mwakani atakuwa amekwishazoea kuikosea."

Akakuna kichwa. "Basi nenda wewe. Mimi siwezi. Nitalia mbele yake."

Jioni Robhi akapiga tena. "Shikamoo, Mama Kulwa. Mzigo umefika?"

"Marahaba, mwanangu. Umefika."

"Umeonja?"

"Nimeonja. Nakuja huko."

"Kuna nini?"

"Nakuja, mwanangu. Mwambie mama yako nakuja kuwapa pole."

Kuna jambo la kazi hapa, lichukueni. Kila mzigo mzuri unaopita mikononi mwenu, bakizeni kidogo ikiwa mbichi, kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, mahali pakavu. Iliyokaangwa inakufa upesi, lakini mbichi inavumilia. Ndiyo njia pekee ya kujua kama kahawa imebadilika au ni mdomo wako umebadilika. Mimi nilikuwa na kopo la msimu wa mwisho wa Mzee Marwa. Nikalitia kwenye begi, pamoja na kidogo ya ule mzigo mpya. Ba naye akanipa pakiti ya majani ya chai nimpelekee mfiwa.

"Ba," nikamwambia, "hawa ni wakulima wa kahawa."

"Ndiyo maana watakuwa wanakunywa chai," akasema.

Nilipanda basi la asubuhi. Kutoka Tarime mjini nikachukua pikipiki, na kweli katikati ya mteremko ilipumzika, nikamalizia kwa miguu. Nilifika nikiwa nahema. Baridi ya huko inaingia kwenye meno. Migomba imesimama juu, kahawa chini yake, na pembeni ya kahawa kaburi jipya lenye udongo ambao bado haujashuka.

Mama Bhoke alitoka kunipokea. Mwanamke mfupi, mwepesi, anatembea kama mtu anayechelewa mahali. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mikono yote miwili, akanikalisha, akanipa chai ya maziwa. Ba alikuwa ameona mbali. Alikuwepo Robhi, na alikuwepo mdogo wa marehemu Mzee Marwa, Nyamhanga, ambaye baada ya msiba alikuwa anaangalia mambo ya familia. Nyamhanga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashamba ya mahindi na aliamini mahindi.

Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipomtazama yule mama yote yakapotea. Nikasema tu, "Mama, naomba kikaango na moto."

Jikoni kulikuwa na mafiga na kikaango cha chuma cha kukaangia karanga. Nikakaanga kidogo ya kopo. Kwenye kikaango usiweke nyingi, na mkono usitulie hata kidogo, la sivyo upande mmoja utaungua mwingine ubaki mbichi. Zilipopasuka nikasubiri kimya kidogo, nikamwaga kwenye ungo, nikatoka nje kupepeta ipoe kwa upepo. Robhi akatwanga kwenye kinu. Halafu nikafanya vile vile kwa ile mpya. Nikamimina maji ya moto, nikasubiri unga ushuke chini, nikaweka vikombe mezani.

"Anza na hiki," nikamwambia Mama Bhoke. "Ni ya msimu uliopita. Hii ni kazi ya mzee."

Akakitazama kile kikombe bila kukigusa. "Mimi sijawahi kuinywa," akasema.

"Hata mara moja?"

"Tungeinywa lini, mwanangu? Kahawa ilikuwa inashuka mlimani, ada na chumvi vinapanda. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yake."

Akainua, akanywa. Akanywa tena. Robhi alikuwa amesimama mlangoni na mtwangio mkononi.

"Hii imetoka hapa?" Mama Bhoke akauliza. "Kwenye hii miti?"

"Hapa hapa, mama."

"Alikuwa ananiacha kitandani na baridi hii, bado hakujakucha vizuri," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo sasa. "Namwambia, Marwa, rudi ulale, kahawa haikimbii. Anasema, inakimbia. Nilidhani ananitania."

Akanywa mpaka machicha. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta, kwa sababu alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hakutaka kukiachia. Mimi nilitazama moto. Kuna wakati mtu unatakiwa utazame moto.

Baadaye akajipangusa kwa kitenge, akavuta kikombe cha pili. Akanywa mara moja, akageuka pembeni akatema.

"Hii mbona ina kitunguu?"

Robhi akaja akaonja, akaweka kikombe chini taratibu. "Ni yetu," akasema. "Ndiyo hii tuliyoituma."

"Ndiyo, mwanangu."

Nyamhanga akakohoa. "Si nilisema? Kahawa ilikuwa ya marehemu. Ameondoka nayo. Mvua zikianza tung'oe, tupande mahindi, watoto wale."

"Shemeji," akasema Mama Bhoke, bila kugeuka, "ngoja kidogo. Bado nina ladha ya mume wangu mdomoni."

Nyamhanga alipoondoka jioni aliniambia nje, kwa upole tu, kwamba familia imekubali kusubiri msimu huu uishe. Usipokuwa mzuri, miti itang'olewa. Nilielewa kwamba hatanii.

Asubuhi tulikwenda kwenye tangi. Wale ambao hamjafika shambani, sikilizeni: tunda la kahawa likichumwa linamenywa, na punje inabaki na utelezi kama wa kambale. Utelezi hautoki kwa maji tu. Punje zinalala kwenye tangi zichachuke mpaka utelezi ulegee, ndipo zinaoshwa na kuanikwa. Zikitoka mapema, utelezi unabaki. Zikichelewa, unapata kitunguu. Hakuna saa ya kuning'iniza ukutani itakayokuambia, maana siku ya joto zinakwenda mbio na siku ya ukungu zinajikokota.

"Nani alikuwa anaamua zitoke?" nikauliza.

"Yeye," akasema Mama Bhoke. "Sisi tulikuwa tunaitwa. Anasema tayari, tunakuja na vikapu. Mimi kuchuma najua, kuanika najua. Hapa katikati palikuwa pake."

"Na safari hii mliamuaje?"

"Tuliziacha kwa muda ule ule ambao jirani alituambia yeye huwa anaziacha."

Jirani anakaa juu kabisa, kwenye ukungu, ambako zinajikokota. Na msimu ule joto lilipanda mpaka hapo shambani, zikapitiliza.

Robhi alikuwa anatazama tangi. "Mimi nilikuwa nambebea kitambaa," akasema. "Nikiwa mdogo. Cha kufutia mkono. Anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anachota, anasugua hivi, karibu na sikio." Akajisugua viganja karibu na sikio lake. "Nikamuuliza baba unasikiliza nini. Akasema zinanong'ona. Akasema bado zinanong'ona, zikianza kugombana nikamwite mama."

Nilikumbuka yule mzee alivyokuwa anakaa kwenye benchi letu bila kunywa kitu, kichwa kimeinama upande, anasikiliza mashine.

Siku hiyo hiyo wakachuma nyekundu zilizoiva, tukamenya, tukajaza tangi. Tukawa tunakwenda kuchota na kusugua. Mwanzoni punje ziliteleza viganjani bila sauti, zinanong'ona kweli. Mama Bhoke hakuwa na subira. "Tayari hizi," anasema. Robhi anaweka sikio, "Bado, mama." "Tayari." "Mama, bado zinanong'ona." Mwisho nikasema tusishindane. Kila mama aliposema tayari, tulitoa beseni moja tukaosha. Kila Robhi aliposema tayari, tulitoa jingine. Tukachana kitenge chakavu, kila fungu likafungwa kipande cha rangi yake kwenye kichanja cha kuanikia, ili tusichanganye. La mwisho tulilitoa wakati punje zikisuguliwa zinakwaruza kama changarawe za ufukweni, na hapo hata mimi na sikio langu la mashine nilisema, hizi zinagombana.

Nikarudi Mwanza. Yalipokauka Robhi alituma mafungu yote, kila moja na kitambaa chake. Niliyaonja nikiwa nimempa mgongo Bwana Kanti ili nisijue anachonipa. La kwanza lilikuwa na ukali wa majani. La mwisho lilianza kunukia kitunguu kwa mbali. Lakini kulikuwa na moja la katikati, lililofungwa kipande cha buluu. Nikampigia Robhi.

"Buluu," nikamwambia. "Hiyo ya buluu ilitoka lini?"

Akacheka kwa furaha, kisha akacheka zaidi. "Ile tuliyogombania mimi na mama. Mimi nilisema bado, yeye akasema imepita. Tukatoa."

Wakamaliza msimu kwa kugombana hivyo hivyo, mikono kwenye tangi.

Mzigo wa mwisho haukuja na lori. Niko kwenye mashine, naona Mama Bhoke anaingia dukani na Robhi nyuma yake kabeba gunia. Yule mama alikuwa hajawahi kufika Mwanza. Nikamwuliza ziwa ameliona, akasema ameliona, ni kubwa, lakini kwanza tuonje. Ba alipoambiwa nani amekuja akashuka ghorofani mwenyewe, ngazi kwa ngazi, wakashikana mikono wale mama wawili, wakakaa benchi moja. Bwana Kanti akafunga mlango wa mbele, wateja wakasubiri nje.

Nikakaanga. Nikamimina. Nikavuta kijiko, na macho ya Mama Bhoke yako kwenye mdomo wangu.

Zambarau haikuwepo. Kulikuwa na kitu kingine, ukali mtamu wa pasheni, halafu joto fulani linalokaa nyuma ya ulimi. Ilikuwa kahawa nzuri sana. Ilikuwa safi. Bwana Kanti alishaanza kutabasamu.

"Ni kama ile yake?" Mama Bhoke akaniuliza.

Sikuwa nimetoka Mwanza mpaka Tarime kwenda kumwambia ukweli mara moja tu. "Hapana, mama," nikasema. "Ni nzuri. Nitaiuza peke yake, kwenye pipa lake, na Nyamhanga hana sababu ya kung'oa miti. Lakini si ile."

Robhi akainamisha kichwa. Ba akaweka mkono kwenye goti la mgeni wake. Mama Bhoke akachukua kikombe, akanywa, akafikiri, akanywa tena.

"Yeye alikuwa mtu wa kusubiri," akasema. "Mimi nina haraka. Hata hapa nasikia haraka yangu." Akatikisa kikombe. "Basi. Yake niliipata. Nashukuru niliipata."

Halafu akaniangalia. "Mwanangu, una sukari?"

Nanyi mnanijua. Duka zima lilijua. Wateja waliwahi kuondoka kwa hasira kwa sababu nilikataa katakata kahawa ya mlimani itiwe sukari mbele ya macho yangu.

"Mama," nikaanza, "kahawa ya namna hii huwa..."

"Ile ya mume wangu niliinywa kavu," akasema Mama Bhoke, "kwa heshima yake. Hii ni ya kwangu. Lete sukari."

Nikaenda kuleta sukari.